Anayesema Uza, Anapata Nini?

Benchi letu liko ubavuni mwa kibanda changu cha kuchonga funguo, pale mtaa unapokata kona kuelekea sokoni. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umelainika kwa kukaliwa na watu wasio na haraka. Kila asubuhi Ami huja na birika lake la kahawa na ndoo ya vikombe vinavyogongana. Macho ya Ami yameingia ukungu, mtoto wa jicho yote mawili, kwa hiyo hamimini kwa kuona, anamimina kwa kupapasa. Ndiyo maana kijiwe kikaweka desturi: ukitosheka, geuza kikombe mdomo chini, Ami akikigusa ajue, asije akakumwagia moto vidoleni. Ilikuwa desturi ndogo tu ya kuokoa vidole. Sisi wenyewe ndio tulioiongezea maneno.

Maneno yalikuja na Bi Harusi. Hilo ndilo jina tuliloipa kampuni moja ya programu, wale wanaotengeneza ule mfumo wa dukani unaohesabu mauzo na kukwambia sukari imebaki kiasi gani. Hisa zake zilipoingia sokoni kila mtu alimtaka, redio asubuhi na jioni ni yeye, nasi kijiwe kizima tukapeleka posa. Ami naye akapeleka, tena kwa akiba aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya macho yake. Tangu hapo Bi Harusi anakonda. Bei inashuka, inapumua, inashuka tena. Siku moja kahawa ilipoisha, Gavana, mzee wa kijiwe, akageuza kikombe chake kwa kishindo akasema, "Mimi nimefunika. Siuzi." Tukafunika wote. Toka siku hiyo kikombe mdomo chini kikawa kiapo chetu cha kila asubuhi. Ami alikuwa akivikusanya kimoja kimoja, anavipapasa, anatabasamu. Changu alikijua kwa ufa wake wa ukingoni. "Na Kufuli naye yumo," alikuwa akisema, kisha anabeba ndoo yake na kwenda zake, roho imetulia.

Kufuli ni mimi. Sababu ya jina ni kazi yangu, ingawa Ami alikuwa akiwaambia watu ni kwa sababu sisemi ovyo.

Asubuhi ninayoisimulia, Ami alichelewa. Tulikaa midomo mikavu, lakini midomo mikavu haijawahi kumzuia mtu wa kijiwe chetu kusema. Chati ndiye aliyeanza. Chati anauza vioo na makava ya simu, na tunamwita hivyo kwa ajili ya ile michoro ya bei, milima na mabonde, anayoikodolea macho kutwa kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

— Yule mwekezaji wa mtandaoni, mwenye upara, kasema tena, alisema Chati. Kasema Bi Harusi hana maisha, mwenye nazo auze kabla hajalia.

— Anapata nini? aliuliza Gavana.

Hilo ndilo lilikuwa swali letu kuu. Gavana alikuwa tarishi wa benki maisha yake yote, kazi yake kubeba bahasha ghorofa moja hadi nyingine, lakini anakaa benchini kama aliyetia saini kwenye noti. Ndiye aliyetufundisha kwamba kwenye hisa husikilizi mtu anasema nini, unauliza anapata nini akisema. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ami aliipenda kauli hiyo mpaka akawa anaipeleka mitaa mingine, anawauliza hata wanaosifia nyanya zao.

— Si wazi? alijibu Chati. Anatutisha tuuze bei ya kutupa, yeye azoe. Sizitaki mbichi hizi, kumbe kakesha chini ya mti.

— Na yule mama wa redioni? aliuliza Mama Stoo. Yule anayesema tushikilie, dhahabu haiozi?

Mama Stoo ana duka la jumla ng'ambo ya barabara. Hukaa mwisho wa benchi, jicho moja kwetu na jingine mlangoni kwake.

— Huyo kanasa, alisema Gavana. Anazo nyingi mno. Akiuza zote kwa mkupuo, bei inamwangukia kichwani mwenyewe. Kwa hiyo anatuita sisi tuingie, yeye apate upenyo wa kutoka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Kwa hiyo anayesema uza anatuibia, na anayesema usiuze anatuibia.

— Ndivyo soko lilivyo, dada yangu. Haraka haraka haina baraka, na ngojangoja huumiza matumbo.

— Sasa sisi tufanye lipi?

— Yote mawili, alisema Gavana, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha jibu.

Mama Stoo akatuambia jambo ambalo, kama tungekuwa na akili, lingetunyamazisha. Ule mfumo wa Bi Harusi anao dukani kwake. Kila foleni ikirefuka unaganda, na juzi umemwambia kwamba magunia yake ya sukari ni pungufu ya sifuri, yaani ana sukari ambayo hata kutokuwepo haijafika. Kapiga simu ya huduma kwa wateja mpaka kaujua muziki wao kwa moyo. Tukamsikiliza kama watu wanavyosikiliza tangazo, tukingoja kipindi kirudi.

— Hapo sasa, alisema Chati. Unaona mchezo? Mfumo unagandishwa makusudi. Wenye kampuni wenyewe wanaugandisha ili bei ishuke, halafu wazinunue zote, halafu waugandue.

— Mimi sukari yangu inakuwa wapi wakati huo? aliuliza Mama Stoo.

— Sukari yako ni chambo, mama.

Gavana akasema hilo ni dogo. Yeye anajua, kwa mtu ambaye hawezi kumtaja, kwamba mwenye upara na mama wa redioni ni mtu na mkewe. Mmoja anasema uza, mwingine anasema nunua, kila mkimsikiliza mmoja wao mnahamisha fedha, na kila mkihamisha dalali anakata chake, na dalali ni shemeji yao. Jioni wanakaa meza moja. Chati akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikia mtoto. Akasema mwenye upara hayupo kabisa. Ni picha. Ametengenezwa na kompyuta za Bi Harusi mwenyewe, amseme vibaya, watu wamwonee Bi Harusi huruma.

— Mtazame vizuri ule upara, alisema. Si upara wa mtu. Kompyuta haijui kuchora nywele, ikachora upara.

Tukacheka, nami nikaona ni zamu yangu. Nikasema mimi kazi yangu ni milango, na ninalojua ni hili: mtu akija kwako akakwambia kitasa chako kibovu, usitazame kitasa, tazama mfuko wake, utakuta ana kitasa cha kuuza. Gavana akanipiga bega. Akasema Kufuli hasemi, lakini akisema amesema. Nikajisikia joto zuri kifuani, halafu nikajisikia vibaya, kama ninavyojisikia kila mara nikisifiwa pale kwa habari za Bi Harusi.

Kwa sababu mimi hisa za Bi Harusi sina. Si kwamba niliziuza. Sikununua kamwe. Siku ile ya posa tuliinama wote benchini, kila mtu na simu yake, tunabonyeza. Nilifika mahali simu inapokuuliza kama una hakika, nikaogopa, nikaizima. Nilipoinua kichwa wenzangu wote walikuwa wanacheka kwa furaha, na Ami akaniuliza, "Tayari, Kufuli?" Nikasema tayari. Ndipo akaninyooshea simu yake, kwa kuwa haoni maandishi, akaniomba nimbonyezee. Simu yake nayo ikauliza kama ana hakika. Ya kwake sikuogopa.

Mtu ataniuliza tangu siku hiyo nimekuwa napata nini kukaa hapo na kufunika kikombe. Napata nafasi kwenye benchi, basi. Benchi ni langu, lakini mtu asiyekuwemo kwenye mazungumzo hata kwake ni mgeni. Ninaona haya kulisema, na hapo mwanzo sikuona haya hata kidogo, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulikuwa bado kwenye upara tulipoliona birika linakuja bila Ami. Aliyelibeba alikuwa mwanamke wa makamo ya kuwa na watoto shuleni, amevaa sare ya kiwanda cha maziwa, ndoo ya vikombe mkono wa pili. Alifika akalitua birika chini kwa uangalifu wa mtu asiyelizoea.

— Shikamooni, wazazi wangu.

— Marahaba, tukaitikia.

Alikuwa binti mkubwa wa Ami. Akasema ameomba ruhusa kazini, baba yake yuko kitandani, hana homa wala nini, ila leo kakataa kutoka. Kampa birika, kamwambia wenzake pale kona wasikae bila kahawa. Akatumiminia. Changu alinichagulia mwenyewe. Alipapasa ndoo mpaka akakipata chenye ufa, akanipa kwa mikono miwili, akasema ameelekezwa.

Gavana akamuuliza kwa sauti ya kiofisi kama mzee anahitaji chochote, aseme tu, sisi ni ndugu. Binti akasema anahitaji jambo moja, lakini kwanza tunywe.

Tukanywa. Kahawa ilikuwa kali kuliko ya Ami, na Chati, kwa kuona mgeni ana masikio mapya, akaanza upya: mwenye upara, mama wa redioni, chambo, shemeji. Binti alisikiliza yote akitujazia vikombe. Hakutukatiza hata mara moja. Alipouliza, aliuliza kwa upole, kama kuna yeyote kati ya hao aliyewahi kusema jambo kwa sababu tu ni kweli. Gavana akacheka, akasema mwanangu, wewe bado mgeni wa soko.

— Sawa, baba, alisema. Basi mimi niwaeleze la nyumbani.

Akatueleza. Kuna madaktari wa macho wamekuja hospitali kubwa, wanapasua wiki hii, kisha wanaondoka. Jina la Ami limo. Hospitali inataka ilipwe leo, na fedha ya Ami iko kwa Bi Harusi. Wakiuza leo kabla soko halijafungwa, pamoja na bei kuwa mbaya hivyo, inatosha kwa shida. Bei ikishuka kidogo tena, haitoshi. Daktari amesema jicho la kulia halitangoja madaktari warudi mara nyingine.

— Juzi kanimiminia chai, alisema. Kaimimina mezani. Kikombe kilikuwa pembeni yake. Nikaipokea hivyo hivyo, nikasema asante baba.

Mama Stoo aliacha kutazama duka lake.

— Nimemwambia auze. Kakataa. Kasema wenzangu hawauzi, wote wamefunika, nami siwezi kuwa wa kwanza kuwakimbia watu. Kasema watu wale wanalijua soko, wanajua mpaka nani anapata nini. Kama lingekuwa jambo la kuuza wangekuwa wameuza. Nikamwambia basi niende nikawaulize. Kasema nisiwaulize.

— Kwa nini? aliuliza Chati.

— Kasema maneno ya kijiweni ni ya kijiweni, hata yeye akiyasikia anachuja. Kasema nimimine mpaka iishe, halafu nitazame vikombe.

Akalitikisa birika. Halikutoa sauti.

— Imeisha, alisema.

Kazi ya kugeuza kikombe si kazi. Nimekigeuza chombo kile asubuhi baada ya asubuhi, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo. Nilikishika changu, nikakiinua kidogo kutoka kwenye ubao, vidole vikakataa. Nikawatazama wenzangu kwa pembe ya jicho, nikitumaini kumwona mmoja, hata mmoja tu, anageuza cha kwake. Gavana alikuwa amekikumbatia kwa viganja viwili anatazama ndani yake kana kwamba kuna kitu kimezama. Chati alikiweka chini kati ya miguu yake, wima, akajikuta ana ujumbe wa kusoma simuni, na simu ilikuwa imezimika kioo. Mama Stoo alikishika magotini. Macho yake yalikuwa mekundu.

Hapo ndipo nilipojua. Miezi yote hiyo nilidhani ni mimi peke yangu mwenye kikombe cha uongo. Nilikuwa nawaonea wivu kwa kuwa na uhakika. Kumbe kila mmoja alikuwa amekwisha uza na kutoka kimyakimya kwa mlango wake, kisha anarudi asubuhi kuwaambia wengine wasitoke, asije akaonekana mwoga, na kwenye nyumba nzima aliyebaki ndani ni kipofu mmoja aliyetuamini kwa vidole.

— Mwambie auze, nilisema.

Wakanigeukia wote. Hata mimi niliishangaa sauti yangu.

— Auze leo hii, kabla hawajafunga.

— Kufuli, alianza Gavana, bei ya leo lakini...

Hakumaliza. Nadhani alikuwa anataka kusema kwamba bei ya leo ni mbaya, kwa mazoea tu, ulimi ulitangulia. Akarudi kwenye kikombe chake.

Binti alinitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo.

— Baba mdogo, nisamehe, sikukosei adabu. Baba kanifundisha, naye anasema kafundishwa hapa hapa kwenye benchi hili. Mtu akikwambia uza, muulize anapata nini. Wewe ukiniambia auze, unapata nini?

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa fupi. Sipati kitu, kwa sababu sina kitu, sijawahi kuwa nacho. Ila nikilisema hilo, neno linalofuata ni simu ya Ami kiganjani mwangu, ikiuliza kama ana hakika. Nilifungua mdomo. Nilimwona Gavana ameinamisha kichwa, Chati ananiangalia kwa hofu kama niko karibu kutoa siri yake, wala sikuwa naijua siri yake zaidi ya kikombe kile kilichosimama kati ya miguu yake. Nikaufunga mdomo. Sisi watu wa kumuuliza kila mtu duniani anapata nini, tumeulizwa sisi, na hapakuwa na mtu wa kujibu.

Binti alingoja kwa adabu. Alingoja kupita kiasi cha adabu, kwa kweli, kama anayetupa nafasi ya pili na ya tatu. Mteja alikuja kibandani kwangu akaning'iniza ufunguo mbele ya dirisha, akatuona nyuso, akaondoka.

— Haya, alisema binti. Ahsanteni, wazazi wangu.

Akaanza kukusanya. Alichukua cha Mama Stoo magotini, cha Gavana akakitoa taratibu viganjani, akainama akakichukua cha Chati chini. Changu kilikuwa pale kwenye ubao, mdomo juu, na kitone cha kahawa kimebaki. Alivipanga ndooni kama alivyovikuta, bila kuvigeuza, kisha akaenda navyo kwenye bomba lililo ukutani, hatua chache tu kutoka benchini, kuvisuuza. Hakuna aliyeinuka benchini. Wa kwanza kuinuka angelazimika kupita mbele yake.

Tulimsikia anafungulia maji, anayafunga, anapiga simu.

— Baba, alisema. Viko wazi.

Akasikiliza.

— Vyote.

Akasikiliza tena, mara hii kwa muda, kikombe kimoja mkononi, kidole chake kinazunguka ukingoni taratibu mpaka kikafika penye ufa.

— Ndiyo, baba, alisema. Hata cha Kufuli.